Kijiti Kibaki mu Muti

Jumatatu, 2 Septemba

Masomo yamefunguliwa. Kila mwaka mvua ya kwanza inakuja karibu na siku hizi, inachafua uniforme mupya za batoto, na bamama banapiga kelele. Leo uniforme zimerudi nyumbani nyeupe vile zilivyotoka. Nimefundisha biolojia asubuhi yote na kinywa kimejaa vumbi ya muji wa Baraka.

Jumapili, 15 Septemba

Nimechukua pikipiki mpaka kwetu juu, ku njia ya Fizi, kumuona Mama. Mama yangu ni Anastasie, mujane, na kukaa bure hajui. Nimemukuta analima ardhi ngumu mpaka jembe linalia.

“Mama, mvua haijakuja. Unamulimia nani?”

“Ikikuja inikute tayari. Weye unangojea bwana ukiwa umelala?”

Njo salamu yangu hiyo, kila mara. Nina miaka thelathini na moja na Mama anaihesabu kwa sauti.

Mwisho wa shamba yake kuna mukula mukubwa. Ni ule muti ambao ukiujeruhi unatoa maji mekundu, na bantu banauogopa kidogo. Mwezi wa sita nilimuleta Tania pale. Tania ni mutoto wa Bukavu, tulisoma naye chuo kikuu, na sasa anafanya udokta wake Ulaya juu ya ukame. Tulizungusha chuma chenye tundu katikati mpaka ndani kabisa ya muti, tukatoa kipande kirefu, chembamba kama kalamu ya biki. Ku kile kipande pete za muti zinaonekana zote, pete moja kwa mwaka mumoja, sababu kiangazi muti unalala na mvua ikirudi unaamka. Muti ulilia ule wekundu wake. Mi nikauonea huruma, nikachonga kijiti, nikakigonga mu tundu na jiwe, nikaziba juu yake na nta ya mushumaa ili wadudu wasiingie. Tania alisema si lazima. Nilimujibu siwezi kuacha mulango wazi mu nyumba ya bantu.

Leo Mama ameniuliza tena kile kipande kilienda kutafuta nini Ulaya. Nikamweleza. Maji yote yana hidrojeni ndani, na hidrojeni si moja: iko nyepesi na iko nzito kidogo. Jua likikaza, ile nyepesi njo inatoka ku majani kwa wingi, na nzito inabaki nyuma. Muti unatengeneza mubao wake na kile kilichobaki. Kwa hiyo ukipima pete ya mwaka fulani na ukakuta nzito imezidi, unajua mwaka ule muti ulishikwa na kiu.

Mama akafikiri. “Ni mchuzi uliosahauliwa ku moto. Maji inaenda, munyu inabaki.”

“Njo vile, Mama.”

“Sasa kwa nini munakaa chuo miaka yote ile?”

Wakati nashuka nimekutana na baba mudogo Casimir, ndugu ya marehemu baba na shefu wa kijiji. Amenisalimia akiangalia pembeni. Bado amekasirika. Mwezi wa sita tulikuwa na karatasi ya ruhusa ya biro ya serikali kule Fizi, na mi nikaona inatosha. Kwake hatukupita kumupasha habari. Mama alinionya. Nilimujibu shamba ni ya kwetu, naomba njia ya nini?

Jumanne, 24 Septemba

Jua. Wingu moja limetoka ziwani, likaangalia Baraka, likaenda zake.

Jumapili, 29 Septemba

Mama amepanda mahindi mu vumbi, ndege bamekula. Bukuru amepiga makelele na jembe kufukuza ndege, bure. Bukuru ni mulimaji wa Burundi, anaishi na familia yake ku kambi ya Lusenda. Anakuja kulima kwetu, na yeye na Mama banagawana mavuno. Muntu wa maneno machache. Nampenda sababu hanifundishi maisha.

Jumapili, 6 Oktoba

Kikundi cha maombi kimefunga kula juu ya mvua. Kiongozi ni Mama Georgette, jirani yetu. Yule mama anaota ndoto, na ndoto zake zinakuwa na majina ya bantu. Mwaka juzi ndoto moja ilitaja mujane wa ng'ambo ya muto. Nyumba yake ikaungua. Alishuka mpaka Baraka na kitenge kimoja, akapanda boti ya Kazimia, na hakuna aliyemuona tena.

Leo Georgette amesema ameoneshwa muti unaolia damu. Mama amenisimulia akicheka. Mi sijacheka.

Jumatano, 9 Oktoba

Nitaandika yote.

Nilikuwa mu kalasi, niko nachora jani ku ubao, Bukuru akapiga simu. Hajawahi kunipigia. “Mwalimu, panda mbio. Bantu banajaa ku shamba ya mama.” Nikaacha chaki mezani na batoto midomo wazi.

Nilikuta kijiji chote kinazunguka mukula. Georgette alienda kutafuta kuni, akaona ule wekundu uliokauka ku ganda la muti, akafuata na kidole, akakuta kijiti. Kijiti kimechongwa, kimegongwa, kimezibwa na nta. Hapa kwetu hata mutoto anajua maana yake. Muntu akitaka kufunga kitu, uzazi wa mwenzake ao mvua ya bantu bote, anagonga kijiti mu muti. Na mi, mwenye diplome, mutoto wa kijiji hiki, sikufikiria hata mara moja.

“Anastasie, umefunga mvua yetu!” Georgette alikuwa analia kweli, machozi inashuka.

Nikapita katikati yao. “Ni mi nilikigonga! Mi, Nadège! Mwezi wa sita, na rafiki yangu, kwa kazi ya masomo!”

“Mutoto anatumwa na mama yake,” mumoja akasema, na bote bakaitika.

“Kazi gani ya masomo inakuja hapa bila shefu kujua?” Huyo ni baba mudogo Casimir. Hakupiga kelele. Na hapo alikuwa na haki.

Nikasema basi, kama shida ni kijiti, nakichomoa sasa hivi na munaona. Nikanyoosha mukono. Mama akanipiga ku vidole, paa! Nina miaka thelathini na moja na amenipiga mbele ya kijiji.

“Usiguse!”

“Mama, batakuua juu ya kijiti?”

Akanisogelea na kusema kwa sauti ambayo bote balisikia. “Ukichomoa leo na mvua inyeshe kesho, batasema nini? Batasema munaona, alifunga na amefungua. Nitakuwa mulozi mpaka ku kaburi. Na isiponyesha, batasema iko kingine, mutafute. Hakuna pa kutokea pale. Kijiti kibaki mu muti.”

Kelele ikaanza upya. Vijana bawili bakaokota mawe. Casimir akainua fimbo yake na kusema ataita kikao Jumapili ya mwisho wa mwezi, na mpaka siku ile hakuna kumugusa muntu. Walirudi nyumbani wakigeuka kuangalia nyuma.

Nilimuuliza Mama kama haogopi. “Naogopa sana,” akasema. “Sasa? Nitakimbia tena? Nimekimbia vita mara ngapi mu maisha yangu. Kijiti hakitanikimbiza.”

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemuandikia Tania yote. Amejibu: “Pole sana dada! Chomoa tu kijiti, kisayansi hakina kazi yoyote.” Na picha ya moyo muwekundu.

Kisayansi! Nimemujibu: mama yangu si kisayansi. Tafuta majibu ya muti wetu, upime wa kwetu mbele ya yote, na unitumie kabla ya kikao. Sijaweka moyo wowote.

Jumapili, 13 Oktoba

Jua. Bukuru hakuja tena tangu siku ile ya mawe. Simu yake haipatikani. Nilimuita muntu wa maneno machache. Kumbe hata miguu yake ni michache. Mama anasema nisimuhukumu. Mi namuhukumu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ku kisima bamama banamupisha Mama. Muntu angesema ni heshima. Anapofika banatoa ndoo zao, banasimama mbali, anachota peke yake, na akiondoka banamwaga maji ya kwanza chini kabla ya kuchota yao. Kisima chenyewe kimebaki tope, na banamwaga maji!

Mama anawasalimia kila mumoja kwa jina, taratibu, mpaka aliyesalimiwa anaona haya. Mi ningewarushia ndoo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Majibu ya Tania yamefika. Hakulala kwa siku nyingi, anasema, na mashine ya wenzake ameiomba kwa magoti. Nimefuta baadhi ya yale niliyomufikiria.

Jumapili, 27 Oktoba

Kikao. Mbele ya nyumba ya Casimir, jua kali, hakuna hata kuku anayetembea.

Nilisimama na simu mukononi. Nikaeleza pete, nikaeleza maji nyepesi na maji nzito, nikatumia ule mchuzi wa Mama. Walinisikiliza vizuri, siwezi kusema uongo. Nikasema: muti huu umeshikwa na kiu mara nyingi, na pete zake zinaonesha miaka mibaya mbele ya Mama kuolewa hapa, kabla hata hajajua njia ya kijiji hiki. Nikangoja.

Georgette akasimama. “Basi alianza mama mukwe wake. Ni mambo ya ukoo.”

Na vichwa vikaitika! Sayansi yangu yote, wameikunja wakaiweka mu mufuko wao. Nilikaa chini. Nilitamani kulia na nilitamani kupiga muntu, sijui kipi mbele.

Sasa Mama akaniuliza akiwa amekaa: “Nadège. Pete yenye kiu kuliko zote ni ya mwaka gani?”

Nikaangalia simu. “Elfu mbili, Mama.”

“Mwaka huu hauishindi?”

“Ya mwaka huu haijapimwa, muti haujaimaliza. Lakini kwa zote zilizopimwa, elfu mbili njo kubwa.”

Akasimama, akafunga kitenge vizuri, akamugeukia Casimir. “Shemeki. Mwaka elfu mbili ulikuwa wapi?”

“Si unajua. Lugufu, Tanzania, ku kambi. Bote tulikuwa kule, si vita?”

“Ulikuwa unafanya nini kule?”

Casimir akakohoa. “Nilikuwa nauza sigara.”

Bantu bakacheka kidogo.

“Georgette, na weye ulikuwa wapi?”

“Lugufu.”

“Nani alikupokea mutoto mu ile hema yako, mukunga amekosekana na mafuta ya taa imeisha?”

“Weye.” Alilisema chini sana.

“Na hapa kijijini alibaki nani?”

Muzee mumoja wa nyuma akajibu bila kuulizwa: “Nyani! Tuliporudi nilikuta nyani mu nyumba yangu, mukubwa, amekaa ku kitanda changu!”

Hapo kikao chote kikaangua kicheko, hata vijana ba mawe. Mama akangoja mpaka kiishe.

“Basi nendeni mukamuchome nyani. Maana mwaka ule muti huu ulikufa kiu kuliko miaka yake yote, na hapa hapakuwa na mulozi, hapakuwa na Anastasie, hapakuwa na muntu. Nani alifunga?”

Nilimuangalia mama yangu nikaona aibu. Nilisoma ile namba elfu mbili siku mbili mufululizo na sikuona kitu ndani yake. Mwaka ule nilikuwa mutoto wa kambi nacheza na makopo. Mama njo aliyeukumbuka.

Nilifikiri tumemaliza. Lakini Georgette akainua kichwa. “Mulozi anaweza kufunga toka mbali. Hata toka Tanzania.”

Kicheko kikafa. Niliona hofu ikirudi ku sura moja moja, hata ku sura ya yule muzee wa nyani.

“Sawa,” Mama akasema. “Tuache maneno. Kijiti kibaki mule ndani. Asikiguse muntu, si mi, si Nadège, si ninyi. Mvua ikikuta kijiti ndani na ikanyesha, basi kijiti hakikufunga kitu, na mutanisafisha jina langu.”

“Na isipokuja?” Casimir akauliza.

“Sema weye, weye njo shefu.”

Casimir akaangalia fimbo yake. “Isipokuja mpaka Noeli, shemeki, utahama. Sitaweza kuwazuia tena.”

“Nitahama. Na ikikuja, utaweka kidole chako juu ya kile kijiti, mbele ya bantu, na utasema iko.”

“Nitasema.”

Kwa hiyo sasa tunalinda kijiti. Kazi ya ajabu. Muntu mumoja akija kukichomoa kwa siri leo, na mvua ikanyesha kesho, Mama amekwisha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimeomba prefe, mukubwa wa masomo yetu, ruhusa ya wiki tatu. Amekataa. Nimezichukua.

Jumapili, 3 Novemba

Radi mbali, upande wa ziwa. Tulisimama bote nje, kijiji chote. Imepita ikaenda kunyeshea samaki.

Jumanne, 5 Novemba

Jua. Mama anachambua mbegu ambazo hazipo. Nimegombana naye juu ya chumvi mu mboga ya sombe. Hatukugombania chumvi.

Ijumaa, 8 Novemba

Bukuru amerudi. Amekuja kwa miguu toka barabara kubwa, amechoka, na mufuko wa maharage kwa Mama. Nilimupokea na mudomo mukali.

“Karibu, Baba Bukuru. Ulipotea wapi siku bantu bameokota mawe?”

Akaweka mufuko chini. “Mwalimu, siku ile nilikupigia simu, halafu kijana mumoja akaninyang'anya ile simu. Akaniambia muti ni wa mama lakini aliyechonga kijiti ni Murundi, na watashuka mpaka Lusenda kunitafuta na batoto yangu. Ningekaa hapa ningewaongezea sababu.”

“Na sasa?”

“Sasa nimesikia shefu alisema mbele ya bantu kijiti kisiguswe. Hilo ni neno ninaloweza kusimama juu yake.”

Sikujua pa kuweka uso. Wiki ine nimemusema vibaya mu daftari hili na mbele ya Mama tukikula, na yeye alikuwa anatuchunga kwa kukaa mbali. Nimemuomba radhi. Amesema “hakuna neno,” akachukua jembe.

Jumanne, 12 Novemba

Saa za muchana. Nilikuwa nimekaa karibu na mukula nasahihisha mitihani ambayo prefe hajui kama nitairudisha. Bukuru alikuwa analima mita chache. Upepo ukageuka. Ulikuja toka ziwani ukiwa baridi, na harufu yake bantu bote ba hapa banaijua. Nikainua macho. Mawingu yalikuwa meusi toka rasi ya Ubwari, kule ziwani, mpaka juu yetu.

Nikaita Mama. Alikuja mbio na unga wa mihogo ku mikono. Na nyuma yake nikaona kundi linapanda. Georgette mbele, nyuma yake vijana, na kijana mumoja ameshika tenaye ya fundi ya kuchomolea misumari.

Nikaelewa mara moja. Wanataka kukitoa kabla ya tone la kwanza.

Mama akafika ku muti mbele yao, akageuka, akaweka mugongo wake juu ya kijiti. Hakupanua mikono. Alisimama tu.

“Anastasie, toka!” Georgette alikuwa amekaukiwa sauti. “Inakuja, unaiona inakuja! Itapita tena kama ile ingine! Nina wajukuu sita mu nyumba, wanalala na njaa. Toka nikichomoe, ni dakika moja tu, toka!”

Hapo njo nilimuona Georgette kwa mara ya kwanza. Wiki hizi zote nilimuandika kama muntu mubaya. Yule mama alikuwa anaamini. Alikuwa anaogopa kuliko sisi. Nilimuonea huruma, na bado nilikuwa tayari kumuuma mukono kama angegusa muti ule. Vyote viwili, pamoja.

“Itanyesha na kijiti ndani,” Mama akasema.

“Na isiponyesha?”

“Hata ile ya juzi ilipita, na tulibaki tunangoja. Tulipatana mpaka Noeli. Rudi nyuma, Georgette.”

Kijana wa tenaye akasogea. Bukuru akaacha jembe, akaja kusimama mbele yake. Hakuinua mukono.

“Shefu alisema kisiguswe.”

“Weye Murundi, unyamaze! Kijiji hiki ni cha baba yako?”

“Si cha baba yangu. Mi ni mukimbizi, sina kijiji hapa. Lakini neno la shefu nilisikia, na weye pia unalijua.”

Kijana akamusukuma. Bukuru akarudi hatua moja, akasimama tena pale pale. Akasukumwa tena, akarudi tena. Mi nikaenda kusimama karibu naye, na biki nyekundu bado iko mukononi. Nikamuambia yule kijana, ambaye nilimufundisha mwaka wa pili: “Pasteur wa hapa alikubatiza, mi nilikufundisha mafungu ya mimea, na Mama yangu alikupa mihogo. Tupige bote basi. Anza na nani?”

Akaangalia tenaye yake, hakujua afanye nayo nini.

Muntu mumoja alikuwa ameenda kumuita Casimir. Alikuja anapumua, shati imefungwa vibaya, fimbo ameisahau. Hakufika ku muti. Tone la kwanza lilimupata ku paji la uso, akasimama. La pili lilipiga mitihani yangu. Halafu ikashuka yote mara moja, nzito, na kelele ku majani mpaka hatukusikiana.

Hakuna aliyekimbia kujificha. Georgette alikaa chini mu tope na kufunika uso.

Mama akaondoa mugongo wake ku muti. Maji ilikuwa inashuka ku ganda, inapita juu ya nta, juu ya kijiti changu, inaosha ule wekundu wa zamani.

“Shemeki. Kuja.”

Casimir akaja. Akanyoosha kidole. Mbele ya kugusa aliniangalia mi, kama muntu anayeuliza kama itauma. Akagusa.

“Iko,” akasema.

“Sema kwa nguvu, mvua inapiga kelele.”

Casimir akageukia bantu. Nilikuwa nimemudharau tangu mwezi wa sita, na zaidi tangu kikao. Lakini alijaza kifua na kupiga sauti ambayo sikujua anayo: “Kijiti iko! Iko ndani na mvua inanyesha! Anastasie hakufunga kitu! Muntu atakayemuita tena mulozi, atakuwa ameniita mi muongo!”

Mama akamugeukia yule kijana. “Haya. Sasa weye wa tenaye, kuja uchomoe.”

Kijana akatikisa kichwa, akaificha tenaye nyuma ya mugongo.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Tunapanda.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua. Mugongo umekufa.

Jumapili, 17 Novemba

Ku kisima leo bamama wamesema, “Mama Nadège, pita mbele.” Mama amejibu atafuata mustari wake, na akakaa nyuma ya bote, na ndoo yake miguuni. Ilichukua muda. Alitaka ichukue muda.

Georgette alikuja nyumbani na mikono mitupu, akakaa karibu na mulango. Hakuomba samahani, alisema tu mbegu zake zimeliwa. Mama akamupimia mahindi mu kitenge chake, yale ambayo jamaa ba Fizi balituletea. Mi sikusema karibu na sikusema kwaheri. Mama amesamehe ao hakusamehe, sijui, hajaniambia. Mi bado. Kila nikimuona nasikia ile “hata toka Tanzania.” Labda mwaka ujao.

Kesho narudi Baraka. Prefe ameniandikia barua ya kunitisha, na mitihani imelowa yote. Nitamupelekea hivyo hivyo.

Jioni Tania amepiga simu. Ameomba radhi juu ya ile picha ya moyo. Halafu akaniuliza, kwa woga, kama mwezi wa sita anaweza kurudi: anahitaji miti mingine ya kwetu, na ule wetu mara ya pili, upande wake unaoangalia ziwa. Pete ya mwaka huu itakuwa imekamilika, anataka kujua ilikuwa nzito namna gani. Nilikuwa nataka kumujibu hapana. Mama alikuwa anasikia yote, na baba mudogo Casimir pia, alikuwa amekuja kula bugali.

“Muambie akuje,” Mama akasema. “Apite kwanza kwa baba yako mudogo, akae, anywe maji, aeleze.”

Casimir akaitika na kichwa polepole, kinywa kimejaa.

“Na akishatoboa,” Mama akaendelea, anakusanya sahani, “kijiti nitachonga mi mwenyewe.”